Mpira mpya una wenyewe: niliyosema Lugogo kuhusu Sunil Gavaskar

(Vijana wameniomba niandike yale niliyosema Jumamosi kwenye uwanja wa kriketi wa Lugogo, Kampala, kabla ya chakula. Nimeandika vile yalitoka mdomoni, msinisahihishe sana.)

Wazee wangu, mama zetu mlioleta watoto, makocha, afande naona umekaa karibu kabisa na sufuria, na nyinyi wadogo zangu mlio chini kwenye nyasi, hamjambo? Kale. Nimeambiwa niongee dakika ishirini na niongee Kiswahili maana hapa kuna watoto wa Arua, wa Busia, wa Kasese, wengine wazazi wao wametoka Goma, tukianza Luganda nusu mtalala. Mimi kwangu sio shida, mimi ni mtoto wa kambi ya polisi Naguru pale juu, Kiswahili ndio tulikuwa tunagombania ugali nacho.

Na ndio vile niliingia kwenye kriketi. Kutoka kambini tulikuwa tunashuka hapa Lugogo kuokota mipira, ukimletea mwenyewe mpira uliopotea kwenye majani unapewa soda, siku nyingine unapewa kofi kwanza alafu soda. Siku moja timu moja ilikuwa pungufu mtu mmoja, wakaniambia wewe mtoto vaa pedi. Pedi moja tu! Ya mguu wa kushoto, nyingine ilikuwa imekatika mkanda. Wakanituma kufungua, yaani kuingia kupiga kabla ya wengine. Mimi nikafikiri ni heshima, ati nimechaguliwa wa kwanza, kumbe hakuna mtu mwingine alitaka.

Sasa leo nataka nimuongelee mtu mmoja aliyefanya hiyo kazi ambayo hakuna anayeitaka, akaifanya miaka kumi na sita. Sunil Gavaskar, mpigaji wa India. Vijana nyinyi mnamjua kama yule mzee anayetangaza kwenye tivii na kukasirikia wachezaji, wengine mnajua tu kwamba kuna kombe la India na Australia lina jina lake na la Allan Border. Huyo ni opena, mtu wa kufungua. Opena kamili. Mfupi, kama mita moja na sentimita sitini na tano hivi, simama hapo wewe wa shati la njano, ndio, kimo hicho hicho, asante kaa.

Kabla sijaenda mbali, wale mama ambao leo ni mara ya kwanza kuona huu mchezo, ngoja niwaeleze opena ni nani. Mpira ukiwa mpya ni mgumu kama jiwe la kusagia, unang'aa, na ule mshono wa katikati umesimama. Bola, yule mrushaji, anayekimbia sana akiurusha, unapepea hewani, unaingia au unatoka, ukigonga mshono chini unaruka pembeni bila kukuambia. Baada ya ova thelathini arobaini, kila ova ni mipira sita, umepigwa umepigwa, unachubuka, unalainika, ndio sasa wanakuja wale wachezaji wenu mnaowapenda na nywele zao, wanapiga sita, ule mpira unaovuka mpaka bila kugusa chini, wanapigiwa makofi. Lakini nani aliukalia ule mpira mpaka ukachoka? Opena. Yeye ndiye anakula ule moto wa kwanza. Na sehemu kubwa ya kazi yake ni kitu ambacho ukikiangalia unaona kama hajafanya kitu, anainua beti juu na kuuacha mpira upite. Basi. Umepita, kipa ameudaka, kimya.

Mimi hiyo ya kuacha mpira nilifundishwa na mzee mmoja kwenye uwanja wa shule, tulikuwa tunachezea mkeka wa nyuzi za nazi uliopigiwa misumari pembeni, mpira ukigonga msumari ni kilio. Alichora mstari wa chokaa, upana wa kiganja, nje ya wiketi ya kulia, vile vijiti vinavyosimama nyuma ya mpigaji. Akasema mpira ukianguka nje ya huu mstari ukaugusa unakimbia uwanja mzima mara mbili. Wiki ya kwanza nilikimbia mpaka nikataka kurudi kuokota mipira. Na kila jioni alikuwa anatutajia huyo Gavaskar, Gavaskar, mpaka tukadhani ni ndugu yake.

Haya sasa hadithi yenyewe. Amezaliwa Bombay tarehe 10 Julai 1949, na maisha yake yalikuwa karibu yapotee siku hiyo hiyo. Mjomba wake alikuja hospitali kumuona mtoto, akaona kwenye sikio la kushoto katundu kadogo. Kesho yake karudi, kambeba mtoto, anaangalia sikio, katundu hakapo! Wakatafuta hospitali nzima, wakamkuta mtoto wao amelala kwa mke wa mvuvi, walibadilishwa wakati wa kuogeshwa. Hii ameisimulia mwenyewe. Nikifikiria hii stori mimi huwa najiuliza yule mtoto mwingine aliishia wapi, labda alikuwa angepiga sita nyingi kuliko huyu. Au huyu angekuwa mvuvi wa subira sana.

Mjomba mwingine, Madhav Mantri, alikuwa ameichezea India, na huyu mtoto akaingia kwenye kabati la mjomba akaomba apewe sweta moja la timu ya taifa. Mjomba akakataa, akamwambia hili linachumwa kwa jasho, halitolewi zawadi. Mimi nampenda huyu mjomba. Siku hizi jezi ya Cricket Cranes, timu yetu ya taifa, unainunua tu, mtu hajawahi hata kushika beti amevaa, sisemi vibaya, afande wewe umependeza.

Mwaka 1971 India wanaenda West Indies, timu ya nchi za Karibi. Kijana ana miaka 21. Mechi ya kwanza ya Test, zile ndefu za mataifa zinazochukua siku kadhaa, hakucheza, kidole kilikuwa kimeota usaha. Ya pili, Port of Spain, Trinidad, wakamuingiza, akapiga mikimbio 65, mikimbio ndio mabao yetu, alafu 67 bila kutolewa, na India wakaifunga West Indies kwenye Test kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mechi iliyofuata Georgetown, Guyana, 116, hiyo ndio senchuri yake ya kwanza, yaani kufika mikimbio mia. Bridgetown 117. Wakarudi Port of Spain mechi ya mwisho akapiga 124 na 220, na hiyo mechi jino lilikuwa linamuuma, yaani mtu anaumwa jino siku nzima kwenye jua na anapiga mia mbili ishirini. Jumla mikimbio 774 kwenye mechi nne tu! Wastani 154.80. India wakachukua mfululizo wa mechi zile moja kwa sifuri, na watu wa Trinidad wakamtungia kalipso. Kutungiwa wimbo na watu uliowafunga, hapo mjue mmefanya kazi.

Nimeyataja Guyana na Trinidad makusudi. Mnakumbuka Juni 2024? Nani hakukesha? Timu yetu ilienda Kombe la Dunia la T20, ule mchezo mfupi wa ova ishirini kila upande, mara ya kwanza Uganda, tulikuwa tumefuzu kule Windhoek Novemba 2023 baada ya kuifunga Zimbabwe, na mechi zetu tatu za mwanzo zilikuwa wapi? Guyana, uwanja wa Providence, nje kidogo tu ya Georgetown. Ya nne Trinidad. Udongo ule ule wa yule kijana wa miaka 21.

Na nini kilitupata? Tuseme ukweli, tuko nyumbani. Afghanistan walitutoa wote kwa 58. West Indies 39. New Zealand 40. Nilikuwa nimekaa kwa jirani, mke wake ametupikia chai ya tangawizi, chai haijapoa watu watano wameshatoka. Wengine walianza matusi kwenye simu palepale, ati hawa wanajua nini. Mimi nilisema ngoja, hebu tazama mpira mpya unafanya nini, hawa vijana wetu mpira wa namna hiyo wanakutana nao mara ngapi kwa mwaka? Huwezi kuzoea mvua kwa kusoma utabiri wa hali ya hewa.

Lakini ile mechi ya Papua New Guinea! Bannange. Tumewatoa kwa 77, Frank Nsubuga, miaka 43, anarusha ova nne anaruhusu mikimbio minne tu na wiketi mbili, yaani ametoa watu wawili, watoto wengi hapa baba zenu ni wadogo kwake. Tukaona imeisha, 77 ni nini. Tukaingia kupiga, ghafla tuko 26 na watu watano nje. Ishirini na sita! Hapo Riazat Ali Shah akakaa. Alipiga 33 kwa mipira 56. Kwenye T20 mtu akikwambia alipiga 33 kwa mipira 56 unamcheka, hiyo ni spidi ya mkokoteni wa matoke unapanda mlima. Ila bila ule mkokoteni hatushindi. Tulimaliza 78 kwa wiketi saba. Ushindi wetu wa kwanza wa Kombe la Dunia ulitoka kwa mtu aliyekubali kuonekana mzito.

Sasa hapo ndipo nataka niwe mkweli kuhusu Gavaskar, maana yule mzee wetu wa mkeka hakutuambia hii, niliisoma baadaye sana na nikamkasirikia wote wawili. Tarehe 7 Juni 1975, London, uwanja wa Lord's, Kombe la Dunia la kwanza kabisa, ova 60 kila upande. England wamepiga 334. India wanaingia, Gavaskar anafungua, anakaa ova zote sitini, hatoki, na anapiga mikimbio mingapi? 36. Mipira 174! India wamemaliza na 132 na watu saba bado hawajatolewa. Watu waliingia uwanjani kumbembeleza piga baba, piga. Hakupiga. Hata mwenyewe baadaye alisema ni mechi mbaya kuliko zote alizopiga. Huko ndio kuacha mpira mpaka unasahau ulienda kufanya nini. Kwa hiyo Riazat na yule Gavaskar wa Lord's sio kitu kimoja, usije ukamwambia kocha wako kwamba yule mzee wa Lugogo alisema tukae tu. Tulikuwa tunahitaji 78, yeye alikuwa anahitaji 335. Hesabu kwanza, alafu kaa.

Na mimi nina kidonda changu hapo. Kuna timu moja, siitaji, iliniacha kwa sababu nilipiga 11 kwa ova ishirini. Nililalamika miaka kumi kwamba walinionea. Siku moja nikakuta daftari la zamani la mabao, nikaangalia tulikuwa tunatafuta ngapi. Haya, tuendelee.

Siku nne tu baada ya ile aibu ya Lord's, Gavaskar yuko Leeds, na unajua anacheza na nani? Na sisi! Kulikuwa na timu inaitwa East Africa, imekusanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Kutoka hapa kwetu walikuwepo Sam Walusimbi na John Nagenda, ndio, huyo huyo Nagenda mwandishi na mshauri wa Rais aliyefariki 2023, alikuwa anarusha mpira, alicheza ile na New Zealand. Sasa fikiria mwaka wenyewe, 1975. Miaka mitatu tu tangu Amin awafukuze Wahindi, 1972, na hii michezo hapa viwanja, beti, walimu, wachezaji, sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwao, waliondoka na masanduku ndege zinawangoja Entebbe na vilabu vikabaki na nyasi ndefu. Na bado kuna Mganda amefika Kombe la Dunia.

Pale Leeds tulitolewa kwa 120. India wakaingia, Gavaskar na Farokh Engineer, na huyu mtu wa mikimbio 36 kwa ova sitini safari hii akapiga 65 bila kutoka, Engineer 54, wakamaliza 123 bila hata wiketi moja, ova hazijafika thelathini. Yaani hasira zake za Lord's alikuja kuzimalizia kwetu! Hatuna bahati.

Miaka iliyofuata nitaikimbiza maana afande ameanza kunusa. Agosti hadi Septemba 1979, London, uwanja wa Oval, India wanatafuta 438 ili washinde, kitu ambacho hakifanyiki. Gavaskar na Chetan Chauhan wanafungua na 213 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Yeye akaendelea mpaka 221, akatoka zikiwa zimebaki 49, na bila yeye wale wengine wakababaika, wakaishia 429 kwa wiketi nane. Pungufu tisa. Ikawa sare. Mimi hii nimeirudia kichwani mara nyingi kuliko mechi nilizocheza mwenyewe, tisa bana.

Alikuwa malaika? Hapana. Melbourne 1981 refa kamtoa kwa mguu mbele ya wiketi, yeye anasema mpira uligusa beti kwanza, Dennis Lillee, bola wa Australia, akamtupia maneno, akapandwa na hasira akamshika mwenzake Chauhan ambaye hajatolewa akaanza kutoka naye uwanjani. Nahodha huyo! Meneja wao akamrudisha Chauhan pale mlangoni, wangetoka wote mechi ingekuwa imekwisha. India ikaja kushinda ile mechi, Australia wakatolewa 83, Kapil Dev na mguu wake mbovu wiketi tano. Mwenyewe amekiri miaka mingi baadaye kwamba alikosea. Nawaambia hii kwa sababu kuna kijana hapa wiki iliyopita alitupa beti mpaka ikaingia kwenye mtaro, simuangalii, anajijua.

Kitu kingine, helmeti. Huyu mtu alisimama mbele ya mabola wakali wa West Indies, Andy Roberts, Michael Holding, Joel Garner, Malcolm Marshall, bila helmeti. Mwishoni mwishoni tu ndio akavaa kitu kama bakuli cha kufunika fuvu chini ya kofia. Baunsa ya Marshall, mama msicheke, baunsa sio yule wa disko Kabalagala, ni mpira unagonga chini katikati unakuja usoni, ingawa kazi ni moja, kukutoa nje. Senchuri zake 13 ni dhidi ya West Indies, hakuna timu aliyoipiga zaidi. Wabishi husema nne za kwanza na nyingine za 1978 wale wakali wengi hawakuwepo, na ni kweli, tusidanganyane. Lakini Delhi 1983 Marshall na Holding walikuwepo, na walikuwa wametoka kumfedhehesha Kanpur mpira ukagonga beti ikaruka mkononi. Akaja Delhi akapiga mia kwa mipira 94. Anayesema hakujua kupiga hakuangalia hiyo. Nyinyi msimuige kwenye helmeti lakini, mtoto yeyote nikimuona kwenye neti bila helmeti tutagombana.

Machi 1987 mimi nina miaka kumi na saba, redio ya baba iko dirishani kambini, betri tumezianika juani zipate nguvu, tunatafuta BBC. Ahmedabad, India na Pakistan, tarehe 7, Gavaskar akavuka mikimbio 10,000 ya Test, mtu wa kwanza duniani. Wa kwanza. Hapa kwetu hakuna aliyejali, siasa zilikuwa nyingi, sisi watoto watatu ndio tulipiga kelele na mama wa jirani akatuuliza nani amekufa. Mwezi huo huo Bangalore akacheza Test yake ya mwisho, pitchi imeoza, mpira unazunguka kama pia, kila mtu anatoka, yeye akapiga 96 na India wakapoteza kwa mikimbio 16. Test 125, mikimbio 10,122, senchuri 34. Hizo 34 zilikaa mpaka 2005 ndio Sachin Tendulkar akazipita. Na mechi za siku moja, kama ile ya Lord's, alicheza 108, senchuri aliipata moja tu, Oktoba 1987 Nagpur, 103 kwa mipira 88, akiwa na homa, alafu mechi iliyofuata ndio ikawa ya mwisho. Medali ya Kombe la Dunia 1983 anayo ingawa kwenye yale mashindano hakufanya kitu cha kuandika nyumbani.

Nimemaliza zangu. Maswali? Wewe msichana wa mbele, ndio, simama, sauti.

(Akauliza, "Mzee, na kama ni mpira wa kwanza kabisa, na umekutoa?")

Eh. Huyu atakuwa opena. Sikiliza mwanangu, yeye ilimtokea mara tatu, mpira wa kwanza kabisa wa mechi ya Test, hajakaa sawa, nje. Mara moja Birmingham 1974, mara moja Jaipur 1987, na moja Kolkata Desemba 1983, Marshall, kipa kadaka, sifuri. Watu wa Kolkata hawakupendezwa naye siku hizo. Mechi iliyofuata ilikuwa Madras, akasema safari hii sifungui, nitaingia wa nne, nipumzike kidogo na huu mpira mpya. Akakaa na pedi zake. Marshall akarusha, wa kwanza nje sifuri. Wa tatu naye nje, sifuri. Ubao unasoma mikimbio sifuri watu wawili wametoka, na Gavaskar anaingia. Vivian Richards wa West Indies yuko uwanjani anacheka, akamwambia rafiki yangu ingia namba yoyote unayotaka, mabao bado ni sifuri.

Akapiga 236, hawakumtoa. Senchuri ya 30, moja zaidi ya Bradman, yule Mwaustralia aliyekuwa na rekodi.

Akakaa chini yule msichana, akafikiri kidogo, akanyoosha mkono tena: "Kwa hiyo bado nivae pedi zote mbili?" Zote mbili, mwanangu. Afande, fungua sufuria.